Efendi wa Butiama

Idi Amin aliwahi kutaka vita vya Kagera viamuliwe ulingoni. Ilikuwa Novemba 1978, wanajeshi wake wakiwa wameshavuka mpaka na kupora walichokikuta, akatangaza kwamba yuko tayari kuzichapa ngumi na Mwalimu Nyerere, Muhammad Ali akiwa mwamuzi. Mwalimu, mwembamba, mwenye miaka 56, hakuwa na muda wa mzaha huo. Lakini kama Amin alikuwa anatafuta mtu wa kupimana naye kifua upande wa Tanzania, alikuwapo mmoja aliyemjua tangu hana hata nyota moja begani. Huyo ni David Musuguri, aliyekuwa mkufunzi wa Keya, jeshi la Waingereza, kule Kahawa, nchini Kenya, na Amin akapita mikononi mwake akiwa askari kijana.

Musuguri alifariki Mwanza mwishoni mwa Oktoba 2024, akiwa na miaka 104, akazikwa kwao Butiama kwa heshima zote za kijeshi. Salamu za rambirambi zilimtaja kama Mkuu wa Majeshi wa tatu wa Tanzania na shujaa wa Kagera. Yote mawili ni kweli. Ila maisha yake yana habari kubwa zaidi ya vita vile vya miezi saba. Huyu ni askari aliyeanza kumpigia saluti mfalme wa Uingereza na kumaliza akiwa jenerali wa dola huru, na katikati ya safari hiyo aliwaona wenzake wa kambi moja, wenye mafunzo yale yale na vyeo vile vile, wakigeuka kuwa watu wa namna nyingine kabisa.

Alizaliwa Butiama tarehe 4 Januari 1920. Miaka miwili baadaye, katika kijiji hicho hicho, Mtemi Nyerere Burito akapata mtoto wa kiume aliyeitwa Kambarage. Mmoja alichukua njia ya darasani, kutoka Mwisenge hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Makerere. Mwingine alichukua bunduki. Mwaka 1942, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, Musuguri alijiunga na King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilifupisha kwa ulimi wao wakaliita Keya.

Kwa vijana wa Mara wa wakati ule Keya haikuwa jambo la ajabu. Mkoa ule umetoa askari tangu enzi hizo hadi leo, na ukipitia majina ya makamanda wa Kagera utakutana na Mwita na Marwa mpaka uchoke. Uingereza ilihitaji watu wa kupigana mbali. Musuguri alipelekwa Madagascar, ambako Waingereza walikuwa wakiwaondoa Wafaransa waliokuwa upande wa serikali ya Vichy, wasije wakawapa Wajapani bandari. Mtoto wa Butiama anapigana na Mfaransa katika kisiwa cha Bahari ya Hindi kwa ajili ya ugomvi ulioanzia Ulaya: hivyo ndivyo walivyoufahamu ulimwengu wengi wa kizazi kile.

Vita vilipokwisha hakurudi kulima. Alipanda hadi usajini mwaka 1947, kisha akawa mkufunzi. Hapa inafaa kutua kidogo, kwa sababu sajini wa Keya alikuwa mtu wa aina yake. Afisa alikuwa Mzungu, mara nyingi kijana aliyetoka chuoni juzi, Kiswahili chake cha kubabaisha. Aliyeiendesha kombania hasa ni sajini Mwafrika. Ndiye aliyejua nani mgonjwa na nani anajifanya mgonjwa, nani ana msiba nyumbani, nani anafaa kupewa bunduki ya rashasha na nani asipewe hata panga. Lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili cha kambini, kikavu, cha amri, ambacho Mganda wa Arua, Mkamba wa Kitui na Mkuria wa Tarime walikisema bila kuulizana kabila. Katika lugha hiyo ndimo Musuguri alimofundisha, na Amin, aliyejiunga na Keya mwaka 1946, alijifunzia humo.

Waingereza hawakuwa na haraka ya kumfanya Mwafrika afisa. Walipoona uhuru unabisha hodi, katikati ya miaka ya 1950, walibuni daraja la kati, juu ya sajini meja lakini chini ya luteni Mzungu, wakaliita efendi. Musuguri alilipata mwaka 1957, Edward Twining akiwa gavana wa Tanganyika. Amin alilipata Uganda mwaka 1959. Hakukuwa na cheo cha juu zaidi ambacho askari mweusi aliyetokea chini angeweza kukiota, na ilipofika 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika, watu hao wawili walikuwa na wasifu uliotofautiana picha tu. Wote walianzia chini, wakawa wakufunzi au wanamichezo wa kusifika kambini, wakawa maefendi, na mara wakajikuta maluteni kwa sababu nchi mpya zilihitaji maafisa na hazikuwa nao.

Kilichowatenganisha ni Januari 1964.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 mwezi huo, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliwakamata maafisa wao Waingereza, wakaingia Dar es Salaam wakidai nyongeza ya mishahara na maafisa Waafrika. Maasi yakafika Tabora, ilikokuwa batalioni ya pili, na huko ndiko Luteni Musuguri alikokuwa pamoja na Kapteni Mrisho Sarakikya, mhitimu wa Sandhurst. Siku tatu baada ya Dar es Salaam, askari wa Jinja, Uganda, nao wakaasi. Kesho yake ikawa Lanet, Kenya. Majeshi matatu ya mama mmoja yaliugua homa moja katika wiki moja.

Nyerere alilazimika kufanya jambo lililomuuma: kuwaomba wakoloni wa jana waje kumwokoa. Makomando wa Kiingereza waliteremka kutoka manowari Centaur tarehe 25 Januari na kuwanyang'anya waasi silaha. Aibu hiyo hakuisahau, na pengine ndiyo iliyomfanya akate shauri bila huruma. Alilivunja jeshi zima. Kiongozi wa waasi, Sajini Francis Hingo Ilogi, alifungwa miaka 15. Wanajeshi wa Nigeria walikuja kushika zamu kwa miezi kadhaa wakati jeshi jipya likiandaliwa kutoka kwa vijana wa TANU, chama tawala, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza. Musuguri alikuwa miongoni mwa wachache wa Keya waliobakizwa.

Uganda ilikwenda njia nyingine. Waziri Felix Onama, aliyetumwa Jinja kuzungumza na waasi, alishikwa na askari mpaka akakubali nyongeza ya mishahara. Waziri Mkuu Milton Obote naye aliomba msaada wa Uingereza, lakini baada ya vumbi kutulia askari walipata walichotaka na maafisa wa aina ya Amin wakapandishwa haraka. Mwaka 1966 Obote alimtumia Amin kulivamia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda. Mwanasiasa akimtuma askari kumaliza ugomvi wake wa kisiasa, amemfundisha njia ya kwenda ikulu. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, Amin aliifuata njia hiyo.

Siwezi kusema jeshi la Nyerere lilikuwa halina kasoro. Kulifanya jeshi kuwa la chama kulikuwa na gharama yake: askari walibeba kadi za TANU, makamisaa wa siasa wakaingia kambini, na afisa mzuri asiyejua kupiga makofi penye hotuba aliweza kukwama. Katika nchi ya vyama vingi mpango huo usingevumilika, na ndiyo maana uliondolewa miaka ya 1990. Lakini kwa mtu kama Musuguri ulikuwa na maana moja kubwa. Ulimpa mahali pa kusimama. Alikuwa na amiri jeshi mkuu anayetoka kijiji chake, aliyemjua kwa jina la utoto, na hakuna aliyemtuma kumpiga mpinzani yeyote wa kisiasa. Alipanda ngazi taratibu, mwaka baada ya mwaka, mpaka umeja jenerali, na hakuna gazeti la nje lililokuwa na habari naye.

Kisha ikaja Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kulikalia eneo lote la kaskazini mwa Mto Kagera. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba sasa ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa, kiwanda cha sukari kikanyofolewa mitambo, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu, na raia wapatao 1,500 wakapoteza maisha. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba 2, ile ya sababu, uwezo na nia, kila Mtanzania aliyefika darasa la saba anaijua, hivyo sitairudia. Wachache hukumbuka lililofuata: jeshi lisilofika watu 40,000 lilipandishwa hadi zaidi ya 150,000 katika muda mfupi, kwa kuwachukua mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza. Malori ya watu binafsi yakachukuliwa na serikali, mabasi yakabeba askari.

Mapema mwaka 1979 Musuguri alikabidhiwa Divisheni ya 20, ndiyo nguvu kuu ya kuingia Uganda. Alikuwa na miaka 59, umri ambao maafisa wengi huwa wameshapanga nyumba ya kustaafia. Chini yake walikuwapo makamanda wa brigedi ambao watoto wa miaka ile waliwataja kama wachezaji wa mpira: John Walden, Mwita Marwa, Imran Kombe. Walden askari walimwita Black Mamba. Musuguri mwenyewe jina la Mutukula, mji wa mpakani, lilimganda mpaka uzeeni.

Jina hilo lina kivuli chake. Mutukula ulipotekwa Januari, askari wetu wenye hasira ya yale waliyoyaona Kagera walibomoa majengo na kuua raia. Nyerere alipopata habari alishtuka, akaamuru raia na mali zao zisiguswe. Amri hiyo ilitiiwa zaidi kuhusu watu kuliko kuhusu nyumba, maana Masaka, uliotekwa tarehe 24 Februari, na Mbarara, siku moja baadaye, iliharibiwa vibaya kulipiza Bukoba na Kyaka. Tukimsifu kamanda kwa ushindi, na haya yaandikwe kwenye ukurasa huo huo.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa Lukaya. Barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala inapita hapo juu ya bwawa la matope, tuta jembamba, maji na mafunjo pande zote. Machi 10 Brigedi ya 201 ya Kombe, yenye mgambo wengi ambao miezi michache nyuma walikuwa wakulima na makarani, ilitangulia na kukutana na wasichokitarajia: Walibya. Kiongozi wao, Gaddafi, alikuwa amemletea Amin maelfu ya askari, vifaru na mizinga ya roketi. Mgambo walipoonja roketi hizo kwa mara ya kwanza, wengi wao walitimua mbio kurudi walikotoka.

Jeshi lolote linaweza kufia katika saa kama hiyo. Afisa mwoga anarudi nyuma, afisa mwenye kiburi anawasukuma watu wale wale kwenye tuta lile lile mpaka waishe. Musuguri alifanya kazi ya sajini wa zamani. Brigedi ya 201 ikakusanywa upya, ikahesabiwa na kusimamishwa tena mbele. Wakati huo huo Brigedi ya 208 ya Marwa, iliyokuwa imeshatangulia upande wa kaskazini-magharibi, iliamriwa igeuke itembee usiku ili iwashike adui ubavuni. Kulipokucha Machi 11 mizinga ya Tanzania ilianza, Walibya na askari wa Amin wakajikuta kati ya pande mbili, na mamia yao walikufa pale. Kamanda wa Uganda katika mapigano hayo, Luteni Kanali Godwin Sule, alikuwa mmoja wao. Baada ya Lukaya jeshi la Amin halikupigana tena kama jeshi.

Gaddafi alijaribu vitisho. Alimpa Nyerere saa 24 aondoe majeshi yake Uganda, Mwalimu akajibu kwa kulitangazia taifa redioni na vita vikaendelea. Ndege ya Libya ikatumwa kulipua Mwanza, ikakosa shabaha, na waliopatwa ni wanyama wa kisiwa cha Saanane. Katika vita vyote vile sijui tukio lingine lililochekwa na kuhuzunisha kwa pamoja namna hiyo.

Entebbe ilianguka Aprili 7. Kabla ya Kampala likaja agizo la kisiasa ambalo maafisa kadhaa huenda walilimeza kwa shida: barabara ya mashariki, ya kwenda Jinja, iachwe wazi Walibya wapate pa kutokea, ili Waarabu na Waafrika wasije wakaingia katika uhasama wa muda mrefu. Walitoka. Amin naye akatoroka, hatimaye akafika Libya na kisha Saudi Arabia, alikofariki mwaka 2003. Kampala ilitekwa Aprili 10 na 11, kikosi cha Luteni Kanali Benjamin Msuya kikiwa cha kwanza kuingia katikati ya mji. Mapema Juni askari wa Tanzania walikuwa kwenye mpaka wa Sudan. Waliokufa upande wa JWTZ wanatajwa kuwa 373, na kati yao 96 tu ndio waliofia kwenye mapigano, wengine walikwenda kwa ajali za magari, mabomu ya bahati mbaya na maradhi. Malori mengi, madereva wapya, barabara za utelezi: ndivyo askari wengi walivyokufa, na mnara wa kumbukumbu yao kule Kaboya hautofautishi.

Novemba 1980 Musuguri alimrithi Abdallah Twalipo kuwa Mkuu wa Majeshi. Watu hudhani hapo ndipo alipovuna. Kwa kweli alipokea mzigo. Vita viligharimu nchi kiasi kinachokadiriwa kuwa dola milioni 500, bei ya mafuta ilikuwa imepaa, Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika mwaka 1977, na Mwalimu alikuwa amewataka wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18 ambayo ikawa miaka. Ni miaka ya foleni za sabuni na unga wa yanga. Katika hali hiyo mkuu wa majeshi alitakiwa kuwarudisha makwao maelfu ya mgambo waliokwisha kujua kutumia SMG, na kuwatunza waliobaki wakiwa na njaa kama raia. Bunduki zilizopotea njiani zilionekana baadaye kwenye wizi wa ng'ombe, hata kwao Mara.

Na hapa hadithi ya jeshi la mfano inapata doa. Mapema mwaka 1983 maafisa na raia kadhaa walikamatwa kwa kupanga kumpindua Nyerere. Kwa hiyo chanjo ya 1964 haikuwa kamili. Wawili walitoroka gerezani wakakimbilia Kenya, na Novemba mwaka huo wakarudishwa kwa mabadilishano na Wakenya waliohusika na jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 nchini mwao, Hezekiah Ochuka na mwenzake. Watuhumiwa walishitakiwa kwa uhaini katika Mahakama Kuu, kesi ikanguruma mpaka mwishoni mwa 1985, na tisa wakafungwa maisha. Rais Mwinyi aliwasamehe mwaka 1995. Ninaloliona la maana ni kwamba hapakuwa na mtu aliyepigwa risasi nyuma ya kambi. Katika Kampala ya Amin, watuhumiwa kama hao wasingemwona hata karani wa mahakama.

Kampala yenyewe ilikuwa haijapona. Yusufu Lule alikaa madarakani siku 68, Godfrey Binaisa akang'olewa na tume ya kijeshi, Obote akarudi kupitia uchaguzi uliobishaniwa. Julai 1985 akapinduliwa kwa mara ya pili, safari hii na Tito Okello. Okello alikuwa mtu wa Keya tangu 1940, mtangulizi wa Musuguri na Amin katika jeshi lile lile, na mwaka 1979 alikuwa bega kwa bega na Divisheni ya 20 akiongoza Waganda waliokuwa uhamishoni. Wakati Okello anaingia ikulu kwa bunduki, Dar es Salaam walikuwa wanajiandaa kwa jambo ambalo mkuu wa majeshi hakuwa na kazi ndani yake zaidi ya gwaride. Novemba 5 mwaka huo Nyerere aliondoka Ikulu kwa miguu yake na Ali Hassan Mwinyi akaapishwa.

Musuguri alimtumikia rais mpya karibu miaka mitatu. Katika kipindi hicho askari wa Tanzania walikwenda Msumbiji kuisaidia serikali ya Frelimo dhidi ya Renamo, vita vya msituni visivyo na Kampala ya kuteka. Septemba 1988, akiwa na miaka 68, alimkabidhi Ernest Mwita Kiaro ofisi. Akarudi Butiama.

Alikaa huko miaka 36, muda mrefu kuliko umri wa baadhi ya maafisa wa jeshi. Mwalimu alizikwa Butiama Oktoba 1999, Amin akafa 2003, Obote 2005, Gaddafi 2011. Kila ilipokaribia Julai 25, Siku ya Mashujaa, waandishi walikumbuka kwamba yupo mzee mmoja Mara wa kuulizwa. Wengi wetu tulimuuliza habari za Amin na Kampala, kwa kuwa ndizo zinazouza gazeti. Kumwuliza sajini wa 1947 alivyowafundisha vijana Kahawa, na alichokiona kwa yule kijana mrefu wa Arua, halikuwa swali la ukurasa wa mbele.

Mkuu wa majeshi wa sasa, Jenerali Jacob Mkunda, ni wa tisa tangu Sarakikya. Wanane waliomtangulia walikabidhi ofisi kwa barua ya rais na gwaride la kuaga, na baada ya hapo mlinzi wa lango la makao makuu akaanza kuwaita wazee.